Tungule zinaungua majani, mchicha umekuwa manjano: uani ni maweni na kisima kina chumvi

Mkaazi wa Bwejuu

Asalaam alaykum. Naomba msaada wa wanaojua kilimo cha uani kwa upande huu wa mashariki ya Unguja. Nyumba iko karibu na pwani. Uani pana nafasi ya mita 5 kwa 8, na ardhi ni maweni: ukipiga jembe unapata udongo wa kiganja kimoja, chini yake jiwe. Nimeinua tuta la mita 3 kwa 1 kwa udongo mwekundu na mchanga, nusu kwa nusu, nikatia samadi ya kuku na majivu ya jikoni. Nimepanda mchicha, tungule (nyanya), bamia na pilipili. Maji ni ya kisima, yana ukakasi wa chumvi lakini tunaogea na kufulia. Ya mfereji (bomba) yanakuja siku mbili tatu kwa wiki.

Hali ilivyo: mchicha majani machanga yamekuwa manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Tungule majani ya chini yanakauka kingo, rangi ya kahawia. Bamia zimedumaa. Udongo ukikauka unafanya unga mweupe juu. Nimeshauriwa nitie mbolea ya duka. Nitie? Na kama tuta ndilo bovu, nilijenge vipi bila ya kununua gari zima la udongo? Paa ni la bati, mita 7 kwa 9, bado halina mlizamu wa kukingia mvua. Nataka mboga ya watu sita nyumbani, si biashara.

Kinongo

Waalaykum salaam warahmatullah. Mbolea ya duka usitie kwa sasa hata kijiko. Mbolea hizo zenyewe ni chumvi, na tuta lako limeshiba chumvi tayari.

Ulivyoeleza ni maradhi mawili yaliyokutana pahala pamoja, na kila moja lina dawa yake. Kingo za majani ya chini kukauka, pamoja na ule unga mweupe, ni chumvi ya kisima. Mmea unakunywa maji na chumvi inabaki. Jua likipiga, unyevu wa chini unapanda na kuiacha chumvi usoni mwa tuta. Majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani ni kazi ya chokaa. Jiwe letu la maweni ni matumbawe ya kale, na udongo uliojaa chokaa huyafunga madini ya chuma: yamo, lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Ingekuwa njaa ya naitrojeni, yangeanza kugeuka majani ya chini, tena jani zima pamoja na mishipa yake. Ishike tofauti hii, maana wengi wakiona manjano tu wanakimbilia yurea.

Hakikisha mwenyewe kabla hujavunja tuta. Chukua udongo mkavu vijiko viwili, uweke kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukitoa mapovu na kusikika unachemka, chokaa ni nyingi. Fanya hivyo hivyo kwa mchanga uliotumia peke yake, na kwa udongo mwekundu peke yake, ujue mwenye makosa ni nani. Nina wasiwasi na mchanga. Kama umetoka ufukweni, huo ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na juu ya hivyo una chumvi ya bahari.

Kwa maji, tafuta kalamu ya kupimia chumvi, ile inayoonyesha miligramu kwa lita. Haina bei kubwa, na majirani kadhaa mnaweza kuchangia moja. Chini ya 450 mwagilia unachotaka. Baina ya 450 na 2,000 kuna mimea itakayolalamika na mengine itakayovumilia. Ikipita 2,000, maji hayo peke yake hayafai kwa bustani ya mboga.

Majivu acha kabisa. Yana kazi kwenye udongo mchachu. Juu ya matumbawe unaongeza chokaa kwenye chokaa. Samadi ya kuku nayo ina chumvi nyingi kuliko ya ng'ombe, na mbichi inaunguza mizizi. Iache ioze wiki 6 hadi 8 chini ya kifuniko, kisha isizidi kilo 1 kwa mita moja ya mraba. Ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, kilo 3 hadi 4.

Chumvi ya tuta inaoshwa, chokaa haioshwi. Kuosha kunahitaji maji matamu mengi: kwa udongo wa kina cha sentimita 30, maji ya kina cha sentimita 15 yanaondoa kama nusu ya chumvi, na ya sentimita 30 yanaondoa sehemu kubwa, kama asilimia 80. Kwa tuta lako hizo ni lita 900, ambazo huwezi kuzitoa kwa ndoo. Masika inazitoa bure. Ukiacha tuta wazi kwenye mvua za Machi hadi Mei, na chini maji yana pa kutokea, utaanza Juni na udongo uliosafika. Usiliezeke makuti wakati huo.

Chokaa dawa yake ni mboji nyingi, msimu baada ya msimu, na kuchagua mimea isiyoijali. Kwa mchicha ulio manjano sasa hivi, ipo dawa ya chuma ya kupuliza kwenye majani. Ukinunua ya kutia kwenye udongo, soma kwenye pakiti iwe imeandikwa EDDHA, kwa sababu ya EDTA inaharibika kwenye udongo wa chokaa. Kufukia misumari yenye kutu, kama wanavyofanya baadhi ya watu, hakuleti kitu: chuma kinachotoka kinafungwa pale pale.

Mama Mbaazi

Waalaykum salaam mwanangu. Kinongo kamaliza habari ya ugonjwa, mimi nikupe ujenzi.

Gari la udongo hulihitaji. Tuta la mita 3 kwa 1 lenye kimo cha sentimita 40 linabeba lita 1,200, lakini nusu ya chini si lazima iwe udongo. Kingo zifanye kwa mashina ya mnazi yaliyolazwa. Mawe pia yanafaa, ila yapange makavu, usiyajengee kwa chokaa wala saruji, na upande wa ndani utandike magunia. Upana usizidi mita moja, ili mkono ufike katikati bila ya kukanyaga.

Chini kabisa panga makumbi ya nazi, tumbo juu, tabaka la sentimita 10. Hapa kuwa macho. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yameshiba maji ya bahari. Usiyatie kama yalivyo. Hata makumbi makavu ya uani yaloweke kwenye pipa siku tatu, mwaga yale maji mekundu, yaloweke tena. Yana maji makali yanayozuia miche midogo kukua. Yakishaoshwa yanakuwa ghala la unyevu chini ya tuta, na mizizi inayafuata.

Juu yake sentimita 10 za majani makavu ya mwembe, mfenesi au mbaazi, yaliyochanganywa na ndoo 3 za samadi. Samadi hii usiiache. Makumbi na majani makavu yakianza kuoza yanakula naitrojeni ya udongo, na mboga itadumaa miezi miwili ya mwanzo, mtu akadhani tuta limeshindwa.

Sentimita 20 za juu ndizo za kupandia, nazo ni lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Udongo mwekundu ndoo 14, mboji 12, samadi ya ng'ombe iliyooza 4. Mchanga usitie. Udongo mwekundu unapatikana kwenye mashimo baina ya mawe. Omba kwa mwenye ardhi, chota kidogo kidogo, na upime kwa siki kama ulivyoelekezwa. Tuta litashuka karibu theluthi msimu wa kwanza, kwa sababu vya chini vinaoza. Hiyo ni kawaida. Juu ongeza mboji, usirudie kuchimba.

Mboji uifanye mwenyewe, na uanze leo, kwa sababu ndiyo inayochelewa. Lundo liwe mita 1 kila upande; likiwa dogo zaidi halipati joto, linakauka tu. Sehemu 3 za vikavu kwa sehemu 1 ya vibichi, kwa kipimo cha ndoo, si cha mizani. Vikavu ni majani, mabua, makuti yaliyokatwakatwa, maboksi yasiyo na rangi. Vibichi ni maganda ya ndizi na muhogo, magugu kabla ya kutoa mbegu, samadi. Machicha ya nazi yana mafuta: ukiyamwaga kwa mkupuo yanachacha na kuita panya na sisimizi. Yatawanye mkono mmoja mmoja na kufunika kwa majani. Matumbo ya samaki yanafaa sana, lakini yaingie katikati ya lundo kina cha mkono mzima, la sivyo mapaka wote wa mtaa watalifukua. Kamua konzi ya lundo: yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika ni mabichi mno, ongeza vikavu. Yasipotoka kitu, rashia maji. Pindua kila baada ya siku 7 hadi 10. Lisipopata moto siku ya nne, limekosa vibichi au limekosa maji. Likinuka mayai viza, limekosa hewa. Miezi miwili hadi mitatu linakuwa jeusi, linanukia udongo.

Kwa jinsi uani kwako palivyo, ningeweka matuta mawili kama hilo, si zaidi. Matuta mawili yaliyolishwa yanashinda matano yenye njaa.

Fundi Mlizamu

Asalaam alaykum nyote. Maji ndiyo yatakayoamua kama bustani hii itafika mwakani, kwa hiyo tuyahesabu.

Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lako la 7 kwa 9 ni mita 63 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 inaleta lita 1,575. Toa moja ya tano inayorukia nje na kupotea, unabakiwa na lita 1,260. Ndani ya asubuhi moja.

Matumizi: matuta mawili ni mita 6 za mraba, na mboga za majani zinataka kama lita 4 kwa mita kwa siku ya jua. Hizo ni lita 24, dumu moja na kidogo. Januari na Februari yote ni siku 59, yaani lita 1,416. Tangi la lita 2,000 likijazwa na vuli linakuvusha kiangazi hata kisima kikifungwa. Kama fedha haitoshi anza na la 1,000, lakini jenga msingi wa kubeba 2,000, kwa sababu lita 1,000 ni tani nzima, na msingi uliotitia unapasua tangi.

Mlizamu wa bei nafuu ni paipu ya plastiki ya inchi 4 iliyopasuliwa kwa urefu. Upe mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo upande wa mita 9 unashuka sentimita 9 kutoka mwanzo hadi mwisho. Vishikio kila sentimita 60. Ukiviachanisha mita nzima, mlizamu unalala tumbo kwa joto, maji yanatuama na mbu wanazaa. Paa likiwa la pande mbili, unahitaji mlizamu kila upande, ama hesabu yote ya juu igawe kwa mbili.

Sasa jambo linalowahusu nyinyi wa mashariki zaidi ya watu wa mjini. Upepo wa kusi unapiga moja kwa moja kutoka baharini na kulipaka bati chumvi. Mvua ya mwanzo baada ya ukavu inaosha chumvi ile ikaenda tangini. Kwa hiyo milimita ya kwanza imwage: kwa paa lako ni lita 63, madumu matatu. Njia nyepesi ni kuacha kipande cha mwisho cha paipu kizunguke. Mvua ikianza kinaelekea nje; madumu matatu yakijaa, unakigeuza kiingie tangini. Mdomo wa tangi ufunge kwa wavu wa chandarua, na tangi lisipitishe mwanga, la sivyo maji yanaota ukijani.

Kisima pia kina adabu yake. Karibu na pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, tabaka jembamba. Ukitia pampu chini na kuvuta kwa nguvu, unayanyanyua ya chumvi. Chota juu juu, kwa ndoo, kidogo kidogo, asubuhi mapema kabla hakijafanyiwa kazi. Pima wakati wa bamvua (bahari inapojaa sana) na wakati wa maji mafu (inapojaa kidogo), maji yakiwa yamejaa na yakiwa yametoka. Visima vya maweni vinafuata bahari, na tofauti unaweza kuiona kwenye kalamu. Andika ukutani saa yenye kiwango kidogo, ndiyo saa yako ya kuchota.

Kumwagilia: maji ya chumvi yasiguse majani, yamwage kwenye shina. Na usirashierashie. Kuwapa kidogo kila saa ndiko kunakojaza chumvi juu. Mpe shibe mara moja kwa siku, jioni, mpaka maji yapenye chini ya mizizi, na katika kila dumu tano moja liwe la kusukuma chumvi chini, si la kunywesha. Tandaza majani makavu sentimita 5 juu ya tuta, na unga mweupe utapungua wiki ile ile.

Kwa tungule na bilingani jaribu chungu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, cha lita 8 hivi, kifukie hadi shingoni, kifunike kwa kifuu, miche izunguke umbali wa sentimita 20. Kabla ya kununua mwombe muuzaji ukijaze maji. Kikitoa jasho nje baada ya muda, kinafaa, kikibaki kikavu kimechomwa kupita kiasi. Unajaza kila siku ya tatu. Unyevu hautingishiki, na mmea unavumilia maji yenye chumvi kiasi kuliko ukimwagiliwa juu. Vitundu vyake vinaziba kwa miaka, basi kila baada ya mvua kichimbue, ukisugue na kukiloweka maji ya mvua.

Kusi na Kaskazi

Nyote mmesema kweli, lakini nauliza: kwa nini apande tungule kwanza? Mwenye maweni na kisima cha chumvi aanze na mimea inayoivumilia hali hiyo, watu sita wale, halafu hayo mengine yawe ya ziada.

Mbaazi haina habari na chokaa. Panda ukingoni mwa uani, mbegu 3 kwa shimo, mita 1 baina ya mashimo, ukitumia mtaimbo kutanua ufa wa jiwe na kujaza ndoo moja ya mboji. Mizizi itajitafutia njia, na majani yanayopukutika ni chakula cha lundo. Kunde zinavumilia chumvi kuliko maharage kwa mbali sana, na unakula majani na punje. Maharage, karoti na vitunguu usihangaike navyo kwa maji hayo. Kisamvu cha mpira mti mmoja au miwili kinatosha nyumba nzima mwaka mzima. Utwange na uchemshe vizuri, sumu yake itoke. Mlonge ukate kwenye kimo cha mita 1 kila unapopita, vyenginevyo unakuwa mti mrefu na majani huyafikii. Muhogo wenyewe mnaujua, watu wa maweni wameishi nao.

Matembele ndiyo ningeyapa tuta la kwanza. Vipande vya sentimita 30, vikata vya karibu na ncha, theluthi mbili vifukiwe kwa kulala, nafasi sentimita 25. Wiki ya tano unaanza kuvuna, na ukichuma ncha tu yanaendelea miezi. Hayataki maji ya chumvi kali, lakini yakitandazwa majani yanakaa vizuri.

Mchicha upande kwa zamu, nusu mita ya tuta kila wiki, ili usivune wote siku moja na wiki tatu zinazofuata ukanunua sokoni. Mbegu kijiko kimoja changanya na vijiko kumi vya udongo mkavu uliochekechwa, upate kutawanyika. Ukimwaga mbegu tupu zinaota kichaka na zote zinanyong'onyea. Wiki ya tatu hadi ya nne ni wa kula. Bamia loweka usiku mmoja, sentimita 45 baina ya mashina, na zikianza kuzaa chuma kila siku ya pili, kwa sababu bamia moja iliyokomaa ikiachwa juu inalizuia shina kuzaa.

Tungule zina wakati wake. Atika mbegu mwisho wa Mei, pandikiza mwisho wa Juni, ule Septemba. Kipupwe ni kikavu na usiku una ubaridi. Ukizipeleka kaskazi, joto la usiku linaangusha maua, na ukizipeleka masika, ukungu unamaliza majani. Zile ndogo za duara zinastahimili joto kuliko kubwa.

Kusi nalo linataka kinga. Ukuta mzima si kinga nzuri: upepo unaruka juu na kuanguka kwa fujo upande wa pili, juu ya mboga. Ua wa makuti uliosukwa wazi wazi, kimo cha mita moja na nusu, unapunguza upepo uani kwako kote. Siku kusi likivuma sana, jioni osha majani kwa kata mbili tatu za maji matamu.

Mkaazi wa Bwejuu

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Nimefanya vipimo. Mchanga umechemka kwa siki, ni wa ufukweni kama Kinongo alivyohisi. Udongo mwekundu umetoa mapovu machache tu. Kalamu ya jirani imeonyesha kisima 1,900 wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, na 1,400 wakati wa maji mafu, nikichota asubuhi juu juu. Maji ya mfereji 350.

Maswali matatu yaliyobaki: nikichanganya maji, kwa kiasi gani? Mwani unaotupwa pwani naweza kuutia kwenye lundo? Na kuna wadudu wadogo weusi chini ya majani ya bamia, na pilipili imejikunja. Nitumie nini ambacho hakitatudhuru mezani?

Kinongo

Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi. Dumu moja la kisima cha 1,400 na dumu moja la mfereji la 350 ni miligramu 875 kwa lita. Hilo linafaa kwa kunde na mchicha bila ya wasiwasi, na kwa tungule zilizokwisha kushika. Moja la kisima kwa mawili ya mfereji ni 700. Mpe bamia, pilipili na matembele. Miche ya kitaluni isipate kisima kabisa wiki nne za mwanzo, mfereji au mvua tupu, na hii ni amri. Mche mdogo hauna pa kuiweka chumvi. Maji ya mvua yana chumvi kidogo mno, hivyo tangi likijaa, dumu moja la mvua kwa moja la kisima linakupa karibu 700 pia.

Mchanga ule huwezi kuutenganisha na udongo. Tuta hilo lipe mbaazi na kunde, matuta mapya mawili ya Mama Mbaazi ndiyo ya mboga nyengine.

Mwani unafaa, una potasiamu nyingi na madini madogo madogo ambayo mimea yetu inayakosa. Uchukue uliotupwa na maji juu ya ufukwe, si ule wa mashamba ya watu. Utandaze juu ya mawe mvua ziupige mara kadhaa, au uuloweke pipani mara mbili na kumwaga. Kisha usizidi ndoo 1 kwa kila ndoo 8 za lundo. Ukung'ute mchanga na makombe kwanza, maana hayo ndiyo chokaa tunayoikimbia.

Mama Mbaazi

Wadudu hao weusi wa bamia ni vidukari. Pilipili kujikunja huenda ni hao hao au nzi weupe. Tingisha mche, vikiruka vijidudu vyeupe umewajua. Kwanza angalia sisimizi wanapanda shinani. Sisimizi wanawachunga vidukari kwa ajili ya ule utamu wao, na wanawafukuza wadudu wanaowala. Paka shina grisi kidogo juu ya kitambaa kilichofungwa, sisimizi wakikatika na vidukari wanapungua.

Dawa ni mbegu za mwarubaini zilizokaushwa kivulini. Gramu 500 zitwange, tia kwenye maji lita 10 usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kijiko kimoja cha sabuni ya kipande iliyokunwa. Nyunyiza jioni, chini ya majani ambako wadudu wamekaa, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Jua linaivunja nguvu, ndiyo maana jioni. Na maji yake yawe ya mvua: maji ya kisima cha maweni yana chokaa, yanaiharibu dawa kabla haijafika kwenye jani, na mtu anasema mwarubaini haufanyi kazi. Itengeneze ya kutumia siku hiyo hiyo, usiiweke. Majani ya mboga yaoshe vizuri kabla ya kupika, na acha siku tatu baina ya kunyunyiza na kuvuna.

Mche wa pilipili ambao majani yake mapya yanaendelea kutoka yamejikunja na yamedumaa hata baada ya wadudu kwisha, huo umeshapata virusi. Ung'oe, usiutie kwenye lundo, uchome, na pengo lake usijaze pilipili wala tungule msimu huo.

Fundi Mlizamu

Nyongeza moja juu ya maji ya jikoni, maana watu sita wanamwaga mengi. Maji ya kuoshea mchele, mboga na samaki yote yaende kwenye migomba. Chimba shimo la upana wa mita 1 na kina cha sentimita 60 kwa mtaimbo, jaza makuti na majani, panda migomba mitatu ukingoni mwake, mwaga maji katikati. Ya sabuni ya kipande yatie huko pia, lakini kwa zamu na maji safi. Ya kufulia kwa sabuni ya unga, na yenye dawa ya kung'arishia nguo, yasifike kwenye bustani: yana sodiamu nyingi, na sodiamu ni sehemu ya ile chumvi uliyokuwa unaikimbia tangu mwanzo wa mazungumzo haya. Mpapai usiupande ndani ya shimo hilo, mizizi yake inaoza kwenye maji yaliyotuama. Uweke mita 1 nje ya ukingo, upande wa juu.